Namna ya Kuifuata Hadithi ya Resident Evil Bila Kupotea Njiani

Mdogo wangu alinunua PS4 ya mtumba, na gemu aliyoanza nayo ni Resident Evil Village. Haikupita nusu saa akanipigia simu. "Shikamoo dada. Hivi huyu Chris ni nani, na kwa nini amempiga risasi mke wa mtu mbele ya mumewe?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia azime hiyo gemu, Jumamosi aje nyumbani na kauntabuku.

Swali lake lilikuwa la haki. Aliyemfahamu Chris Redfield tangu gemu ya kwanza ya 1996 anaiona risasi ile moyo unampasuka, maana huyo ndiye mtu ambaye usingemdhania kabisa. Mdogo wangu yeye aliona mwanamume mwenye koti na bastola, basi. Hadithi hii ina karibu miaka thelathini. Ina gemu zenye namba na zisizo na namba, na namba zenyewe hazifuati mpangilio wa matukio. Niliyomweleza Jumamosi ile ndiyo ninayoyaandika hapa. Nimeficha siri nilizoweza kuficha, isipokuwa ya mtu mmoja aitwaye Wesker, kwa sababu hiyo ni nguzo na nyumba haisimami bila nguzo.

Mimi nilianzia Tanga, Ngamiani, kwenye kibanda chenye TV za chogo nne na PlayStation za kwanza. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyelipa, mimi nikakaa pembeni juu ya kreti la soda. Kibanda kile hakikuwa na memori kadi hata moja, kwa hiyo kila siku tulianza upya: mbwa msituni, mlango mkubwa wa jumba, chumba cha kulia chenye saa kubwa, kisha yule zombi wa kwanza aliyeinamia maiti na kugeuza shingo taratibu kukutazama. Nimeiona shingo ile ikigeuka pengine mara hamsini kabla sijajua jumba ni la nani. Nilipoanza kazi nikanunua kompyuta, nikaimaliza ile gemu kwa utulivu, ndipo nikaelewa kwamba hadithi yake haimo kwenye risasi. Imo kwenye makaratasi yaliyotupwa juu ya meza, na imo ndani ya watu wachache wanaorudi tena na tena. Ukishika makaratasi na watu, namba za gemu hazitakusumbua.

Kabla hujashika pedi

Kwanza ziondoe filamu kichwani. Wengi wetu tulilifahamu jina la Resident Evil kwenye mabanda ya video, kwa zile filamu sita za Milla Jovovich zilizoanza 2002. Alice, yule stelingi wa kike, hayumo katika hadithi ya gemu. Filamu zile ziliazima majina ya Umbrella, Jill, Wesker na Nemesis, zikajenga hadithi yao nyingine kabisa. Zipende kama unavyozipenda, ila usizichanganye. Zipo pia filamu za katuni za kompyuta, kama Degeneration ya 2008 na Vendetta ya 2017. Hizo ni za ukoo mmoja na gemu, lakini ziache hadi mwisho. Na ukikuta kasha limeandikwa Biohazard, ni mali ileile: hilo ndilo jina lake huko Japani, kwao Capcom, kampuni inayotengeneza gemu hizi.

Halafu chukua kauntabuku, uchore safu tatu: mwaka wa tukio, mtu, ugonjwa. Nasisitiza mwaka wa tukio, si mwaka gemu ilipotoka, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotelea. Resident Evil Zero ilitoka 2002, lakini matukio yake ni ya Julai 1998, usiku mmoja kabla ya gemu ya kwanza. Revelations ilitoka 2012, ila mambo yake ni ya 2005, kabla hata ya gemu ya tano iliyotoka 2009. Usipoandika, kesho yake hukumbuki.

Safu ya ugonjwa usiiandike kama orodha. Ichore kama mti wa ukoo. Virusi vingi vya hadithi hii vinatokana na bibi mmoja, kirusi kinachoitwa Progenitor, kilichopatikana kwenye ua moja barani Afrika. Mwaka 1968 watu watatu, Ozwell Spencer, James Marcus na Edward Ashford, walianzisha kampuni ya dawa ya Umbrella ili wapate kivuli cha kukifanyia utafiti. Marcus akazaa T-Virus. William Birkin, mwanafunzi wake, baadaye akazaa G-Virus. Familia ya Ashford ikazaa T-Veronica. Ukifika gemu ya sita utakutana na C-Virus, mtoto wa G na T-Veronica. Las Plagas wa gemu ya nne hawamo kwenye mti huu, wale ni vimelea. Ukungu wa gemu ya saba nao una chimbuko lake. Hao wawili wape kurasa zao.

Jumba la Spencer

Anzia gemu ya kwanza, kwa toleo lililotengenezwa upya 2002 na kusafishwa picha baadaye, lile la HD linalopatikana PS4, Xbox na kompyuta. Anayetaka ya 1996 yenyewe, yenye kamera zilizosimama na sauti za ajabu, tangu 2024 zile tatu za mwanzo zinauzwa GOG, duka la mtandaoni, kwa ajili ya kompyuta. Usianze na Zero ati kwa kuwa matukio yake yanatangulia. Iandike mstari wa kwanza daftarini, lakini uicheze baadaye. Zero inakuonyesha mapema wakubwa wakipanga njama zao, wakati utamu wa jumba ni kuingia hujui lolote, kama polisi wenyewe walivyoingia.

Ni Julai 1998, pembeni ya mji wa Raccoon City, Marekani. Kikosi maalumu cha polisi kiitwacho S.T.A.R.S. kinakimbilia jumba lililo milimani kikifukuzwa na mbwa. Utachagua Chris au Jill Valentine. Ukimchagua Jill, mwenzako ni Barry Burton. Ukimchagua Chris, ni Rebecca Chambers. Hapa kuna fundo dogo. Hakuna mchezo mmoja unaokuonyesha kilichotokea kweli, kwa kuwa gemu za baadaye zinahesabu kwamba wote wanne walitoka hai. Cheza upande mmoja, wa pili utazame YouTube, kisha andika majina manne. Chini yake andika la tano kwa herufi kubwa: ALBERT WESKER, kapteni wao, ambaye kumbe ni mtu wa Umbrella aliyewaleta pale wawe chambo cha kupimia silaha. Utamwona akifa. Usimkate kwenye daftari.

Sasa kuhusu makaratasi, maana somo hili mdogo wangu alilielewa kwa karatasi moja tu. Ndani ya jumba kuna chumba kidogo cha mtu aliyekuwa akiwalisha wanyama wa maabara, na humo kuna shajara yake. Inaanza tarehe 9 Mei 1998, amecheza karata na wenzake na anamshuku mmoja kwamba amewaibia. Kesho yake amepewa mnyama mpya wa kulea. Tarehe 11 anaamshwa alfajiri na mwenzake, anaambiwa avae mavazi ya kujikinga, kuna ajali imetokea chini. Siku zinapita, ngozi inamwasha, mgongo umevimba, banda la mbwa limekuwa kimya. Anajikuna mkono, kipande cha nyama kinadondoka. Halafu sentensi zinaanza kufupika. Anakula chakula cha mbwa. Mwenzake akija, yeye anamuua. Mwishoni hakuna tarehe tena, kuna maneno mawili tu: inawasha, tamu.

Mdogo wangu aliisoma kwa sauti, pale mezani kwangu, akanyamaza. Kisha kabati la chumba likafunguka na mwandishi mwenyewe akatoka. Alichelewa kufyatua. "Dada, huyu si ndiye aliyekuwa anacheza karata?" Ndiye. Tangu hapo hakuruka karatasi. Wale mazombi wote walikuwa na zamu za kazi, madeni na wenzao wa karata, na gemu inakuambia hivyo kwa maandishi tu. Kiingereza kikikupa tabu, piga ukurasa picha kwa simu, utafsiri taratibu baadaye. Karatasi zote zinabaki kwenye menyu, hazipotei.

Mji uliokatwa vipande viwili

Gemu ya pili (1998, ikarudiwa 2019) na ya tatu (1999, ikarudiwa 2020) ni habari ya mji mmoja katika wiki moja. Matoleo mapya yanatosha. Ya pili icheze mara mbili, mara moja na Leon Kennedy, polisi aliye katika siku yake ya kwanza kazini, na mara moja na Claire Redfield anayemtafuta kaka yake Chris. Usiishie mara moja, kwa sababu mwisho kamili unatoka ukimaliza awamu ya pili. Humo utamkuta Birkin na kirusi chake cha G, binti yake mdogo Sherry, na Ada Wong mwenye nguo nyekundu. Sherry na Ada wapigie mstari.

Ya tatu ni ya Jill, anafukuzwa na Nemesis, dubwana lililotumwa kuwamaliza waliosalia wa S.T.A.R.S. Ni fupi, wikiendi moja inatosha. Fundo lake ni tarehe. Jill anaanza kukimbia 28 Septemba 1998. Leon na Claire wanaingia mjini usiku wa 29. Wakati huo Jill yuko kitandani, kirusi kimemwangusha, hana fahamu hadi 1 Oktoba, siku ambayo kombora linaufuta mji. Yaani gemu ya tatu ni mkate uliokatwa katikati, na ya pili ndiyo kilichopakwa ndani.

Sasa mbona nasema ucheze ya pili kwanza? Kwa sababu ya Marvin Branagh. Ni polisi mweusi utakayemkuta kituoni ameshika tumbo linalovuja damu, anayempa Leon ushauri na kisu, asiyelalamika. Unampenda kabla hujajua jeraha limetoka wapi. Ukicheza ya tatu iliyorudiwa utapita kituo kilekile saa kadhaa kabla, utamwona Marvin mzima, na utaona nani alimng'ata. Ukigeuza mpangilio, jambo hilo linapita hivihivi.

Mtu unayepaswa kumfuata

Kuanzia hapa acha kufuata Umbrella, mfuate Wesker. Wengi hupotea kwa kudhani kampuni ndiyo hadithi yote, halafu wanafungua gemu ya nne na kuambiwa katika maneno ya utangulizi tu kwamba Umbrella imeshafilisika.

Kiungo kilichopotea ni Code: Veronica ya mwaka 2000. Haina namba, ndiyo maana watu huiruka, lakini kwa uzito wa hadithi ina haki ya kuitwa ya nne. Ni Desemba 1998: Claire amekamatwa, amepelekwa kisiwa cha familia ya Ashford, Chris anakuja kumtafuta, na Wesker, yuleyule uliyemwona akifa, anasimama mbele yao akiwa na nguvu zisizo za binadamu. Alijidunga kirusi cha Birkin kabla hajauawa. Toleo lake la PS2 lilipelekwa PS4. Ni ngumu na ya kizamani, kwa hiyo sitakulaumu ukiitazama tu YouTube, mradi uitazame hadi Antaktika.

Gemu ya nne, ya 2005 au iliyorudiwa 2023, ichague unayoipenda, zote mbili nzuri mno. Ni mwaka 2004, Leon sasa ni wakala wa serikali, ametumwa kijiji cha Hispania kumwokoa Ashley, binti wa rais. Kwa hadithi kubwa ni nyepesi. Daftarini inahitaji mstari mmoja tu: Ada anachukua sampuli ya Las Plagas, na aliyemtuma ni Wesker.

Halafu ya tano. Hapa nitakaa kidogo.

Nilipoicheza mara ya kwanza niliweka pedi chini dakika za mwanzo, kwa sababu nilisikia Kiswahili. Chris anafika mji wa Kijuju, wanakijiji walioambukizwa wanamfuata na mapanga, na wanapiga kelele kwa lugha yetu. Wanaitwa Majini, na kwa msomaji wa Kiswahili hilo halina haja ya maelezo. Kijuju ni mahali pa kubuni, na hadithi inapaweka Afrika Magharibi, ambako mtaani utasikia lugha chungu nzima kabla hujasikia Kiswahili. Kionjo chake kilipotoka 2007 watu wengi walisema wazi kwamba picha ya Mzungu akiwapiga risasi wanakijiji weusi inaumiza, na mimi niko upande wao. Lugha aliyonibembelezea bibi yangu nimeisikia pale midomoni mwa watu wanaolipuliwa vichwa. Iliniuma, na bado inaniuma. Waliotengeneza wangeweza kuuliza mtu.

Pamoja na hayo nakwambia uicheze, kwa sababu nyuzi zote zinafungwa humo. Ndimo linamomea lile ua la Progenitor, kule mizizi ya mti wako wa ukoo ilikoanzia. Ndimo unamojua kilichompata Jill mwaka 2006 nyumbani kwa Spencer, na Spencer mwenyewe aliishaje. Kipande hicho kiko kwenye nyongeza inayoitwa Lost in Nightmares, usikiache. Ndimo Chris na Wesker wanamalizana. Na kuna Sheva Alomar, mwenzake Chris, mwanamke Mwafrika asiyepewa nafasi ya kutosha baadaye. Icheze watu wawili kwa skrini iliyogawanywa. Sisi tuliimaliza hivyo, mdogo wangu akiwa Chris, mimi Sheva, na mara tatu umeme ulikatika tukiwa karibu kabisa na bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua.

Unazoweza kuzitazama tu

Ya sita (2012) ina safari nne zinazopishana na ni ndefu kuliko inavyostahili. Tafuta muhtasari wenye vipande vyote vya video vya hadithi, uandike mawili: Sherry amekua na ni wakala, na kijana Jake Muller ni mtoto wa Wesker. Revelations ya kwanza ni ya Jill ndani ya meli, nzuri, haina lazima. Revelations 2 (2015) ina Claire pamoja na Moira, binti wa Barry, na inamleta Alex Wesker. Ukiwa umeupenda ukoo wa Wesker, icheze. Zero sasa unaweza kuirudia, na safari hii jina la Marcus litakuwa na maana.

Outbreak ya 2003 wengi hawakuigusa kabisa. Andika tu jina la mwandishi wa habari mmoja humo, Alyssa Ashcroft. Capcom walipoitangaza gemu ya Resident Evil Requiem mwezi Juni 2025, stelingi mpya waliyemtambulisha ni Grace Ashcroft, binti wa Alyssa.

Ethan, na kurudi kwa yule mwenye koti

Gemu ya saba (2017) ni mlango mpya. Unaona kwa macho ya Ethan Winters, mtu wa kawaida, anayepokea ujumbe kutoka kwa mkewe Mia aliyepotea miaka mitatu. Anamfuata hadi nyumba ya familia ya Baker, Dulvey, Louisiana. Humkuti mtu wa zamani hata mmoja karibu gemu nzima, na hiyo ni raha yake. Anayeogopa kurudi 1998 anaweza hata kuanzia hapa. Lakini mwishoni helikopta inatua yenye nembo ya Umbrella, na anayeshuka ni Chris Redfield. Asiyemjua atashangaa nembo tu. Wewe utauliza: Chris, na nembo ile, vipi? Jibu lipo kwenye nyongeza ya bure inayoitwa Not a Hero.

Baada ya hapo ndipo ufungue Village (2021). Pakua usiku kwa bando la usiku, au subiri punguzo. Gemu za zamani za Capcom hushushwa bei mara kwa mara kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam na PlayStation, hakuna haja ya kununua zote kwa mkupuo.

Mdogo wangu alifika Village mara ya pili baada ya miezi minne, kauntabuku limejaa na limemwagikiwa chai. Risasi ya Chris ilipolia alinitumia ujumbe wa sauti, hakuna maneno, pumzi tu. Nikamwandikia asonge mbele, na akifika maabara mwishoni asome kila karatasi. Kuna barua moja mle. Yaliyomo siyasemi, wala aliyeandikiwa. Ilipofika saa nane usiku simu ikaita.

"Dada, samahani nimekuamsha. Nimeona sahihi."

"Ya nani?"

Nikasikia kurasa zikifunuliwa, za mwanzo kabisa, mpaka zile za jumba.